Dhoruba na Dirisha: Mambo ya Kutarajia Katika Safari ya Majira ya Baridi Ndani ya Meli Kongwe

Maelezo ya mada iliyotolewa na ofisa wa elimu kwa walaji katika mkutano wa wastaafu



  Wengi wenu mmesafiri kabla mimi sijazaliwa. Sikuja kuwafundisha kusafiri. Nimekuja kueleza yale ambayo ofisi yetu imejifunza kutokana na malalamiko ya watu waliosafiri, ili fedha ya mtu iliyokusanywa kwa miaka mingi isipotee kwa kukosa swali moja.

Naomba nianze na mama mmoja aliyefika ofisini kwetu akiwa na jalada la karatasi. Mama huyu ni muuguzi mstaafu, na mumewe ni mwalimu mstaafu. Walikuwa wametenga sehemu ya kiinua mgongo chao ili wakamtembelee binti yao Uingereza. Wakala mmoja wa safari akawashauri waongeze juu yake safari ya majuma mawili katika meli ya kitalii, mwezi Januari, kutoka Southampton hadi Madeira na Visiwa vya Kanari, na kurudi. Bei ilikuwa nafuu. Kijitabu cha matangazo kilionyesha jua, bwawa la kuogelea na watu wakicheka. Hakikusema kwamba meli yenyewe ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, wala kwamba katikati ya njia hiyo iko Ghuba ya Biscay.

Siku ya pili meli ilianza kwenda mrama. Mzee akalala siku mbili bila kutia kitu kinywani. Walipokaribia Madeira, nahodha akatangaza kwamba upepo hauruhusu kuingia bandari ya Funchal, hivyo wakapita. Asubuhi iliyofuata bahari ilitulia, na mama akainuka kwa mara ya kwanza kuvuta pazia, aone walau hayo maji aliyoyalipia. Mbele ya kioo ilikuwa inaning'inia boti ya kuokolea, kubwa, ya rangi ya machungwa, imeziba bahari yote. Stakabadhi yake ilisema: chumba chenye dirisha linalotazama bahari.

Nilimpa pole kwa dhoruba ile. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, dhoruba siidai. Bahari ni ya Mungu. Mimi nadai dirisha."

Ndugu walaji, nimefanya kazi hii kwa miaka michache tu, lakini sijapata kusikia haki ya mlaji ikielezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Katika safari ya namna hii yako mambo ya bahari, majira na umri wa chombo, ambayo msafiri hana budi kuyatarajia na kujiandaa nayo. Yako pia mambo ya muuzaji, ambayo msafiri ana haki ya kuambiwa ukweli wake kabla hajalipa. Ajuaye kutenganisha dhoruba na dirisha atasafiri kwa amani, na akidhulumiwa atajua la kudai.

1. Majira ya baridi ni yapi

Jambo la kwanza la kuuliza ni: baridi ya wapi? Katika nchi za kaskazini baridi huwa kati ya Desemba na Februari. Kusini mwa dunia, kama vile Afrika Kusini, huwa kati ya Juni na Agosti, wakati sisi huku tuko katika kipupwe na kusi inavuma. Majira hayo ndiyo ambayo wamiliki wa meli aghalabu hupunguza nauli, kwa kuwa wateja ni wachache. Punguzo hilo si hila. Ni bei ya kweli ya safari ambayo hali yake ya hewa haina uhakika.

Kusini mwa Uingereza, mwezi Januari, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na huzama karibu saa kumi na nusu jioni. Siku ya kupanda meli kwa hiyo huwa fupi, yenye ukungu au mvua, na sitaha huteleza. Kutoka hapo meli huvuka Ghuba ya Biscay, ambako mawimbi yaliyozaliwa mbali katika Bahari ya Atlantiki hufika mahali ambapo kina cha maji hupungua kwa ghafla, yakainuka. Si kila mara ghuba hiyo huchafuka. Wako waliovuka Januari maji yakiwa shwari. Lakini anayelipia safari hiyo atarajie walau siku moja au mbili za misukosuko kwenda, na nyingine kurudi.

Na huko kwenye jua lenyewe? Visiwa vya Kanari mwezi Januari huwa na joto la nyuzi kama 20 mchana, na usiku hushuka. Kwa Mzungu anayekimbia theluji hilo ni joto. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Tanga hiyo ni hali ya Arusha mwezi Julai, yaani ya kuvaa sweta. Anayenunua safari hiyo kwa kutarajia kuogelea baharini kama Bagamoyo atahuzunika, na hatakuwa na wa kumdai.

2. Meli kongwe maana yake nini

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kwa meli kongwe napenda kuongeza kwamba vinaendelea kuundwa kila mwaka. Meli haizeeki kama mtu. Huweza kubadilishwa mitambo, mabomba, nyaya na samani, ikawa na umri wa miaka arobaini na bado ikawa imara. Na meli ya miaka kumi iliyotelekezwa huweza kuwa hatari. Kwa sababu hiyo, swali la mlaji lisiishie kwenye umri wa meli. Aulize pia imetunzwaje, na lini ilitiwa chelezoni mara ya mwisho kwa ukarabati.

Meli kongwe zina sifa zake. Nyingi ni ndogo kuliko majumba yanayoelea ya leo, hivyo huweza kuingia katika bandari ndogo, foleni ni fupi, na baada ya siku tatu mhudumu wa chakula hukujua kwa jina. Baadhi yake ziliundwa kwa umbo refu lenye kuzama zaidi majini, na husafiri vyema katika mawimbi. Wako wasafiri wazoefu wanaozipenda kuliko mpya, wala si kwa ajili ya bei peke yake.

Lakini umri una alama zake, na hizi ndizo za kutarajia. Vyumba ni vidogo. Vitanda huweza kuwa vyembamba na vilivyofungwa mahali pamoja, na kitanda cha pili huweza kuwa cha juu, kinachokunjwa ukutani na kupandwa kwa ngazi. Vyumba vyenye roshani vilienea katika miaka ya 1990. Katika meli za kabla ya hapo ni vichache au havipo kabisa. Milango ya kwenda sitahani ina vizingiti virefu vya chuma vya kuzuia maji, na lifti huenda zisifike kila ghorofa. Mtu mwenye magoti mabovu au anayetumia kiti cha magurudumu aulize jambo hili kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi.

Tarajieni pia sauti. Usiku, meli inapopanda na kushuka, mbao na kuta za vyumba hulia. Mara nyingi mlio huo hauna ubaya wowote, ingawa huogofya asiyeuzoea. Karibu na tezi kuna mtetemo wa mitambo. Maji ya bafuni huweza kuchelewa kupata moto, na choo kinachofanya kazi kwa mvuto wa hewa huweza kusimama kwa saa kadhaa kwa ghorofa nzima. Choo kikisimama kwa saa mbili, hilo ni jambo la umri. Kikisimama siku tatu na hakuna anayekujibu, hilo ni la muuzaji: andika tarehe, saa na jina la uliyemweleza.

3. Kuchagua chumba

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo naomba tukae kidogo.

Meli huzunguka kama mzani. Mahali penye utulivu zaidi ni katikati ya urefu wake, na katika ghorofa za chini. Vyumba vya juu na vya omoni ndivyo huyumba zaidi, ijapokuwa mara nyingi ndivyo vya bei kubwa. Katika safari ya baridi, mtu mwenye tabia ya kulevywa na bahari afadhali achukue chumba cha katikati chini kisicho na sifa kubwa, kuliko cha fahari juu ambacho atalala akishika ukingo wa kitanda.

Kuhusu dirisha, jueni kwamba neno hilo lina maana nyingi katika orodha za bei. Liko dirisha kubwa la kioo. Liko dirisha dogo la mviringo. Katika ghorofa za chini kabisa, dirisha hilo la mviringo hufunikwa kwa kifuniko cha chuma wakati wa mawimbi makubwa, na mabaharia wana haki ya kukifunga na kukiacha hivyo hadi hali itulie. Na liko dirisha lililozibwa, kwa sehemu au lote, na boti ya kuokolea. Dirisha la namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini, na kwa kawaida orodha ya meli yenyewe huonyesha kwa alama ndogo. Wakala huiona alama hiyo. Mteja huenda asiione.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ombeni namba ya chumba na mchoro wa ghorofa. Tazameni kilicho nje, juu, chini na ubavuni mwa chumba hicho. Kama juu yake kuna ukumbi wa muziki, mtausikia. Kama wakala anasema namba itatolewa siku ya kupanda, basi mnanunua chumba chochote cha daraja hilo, na bei iendane na hali hiyo.

4. Ratiba si ahadi

Someni masharti ya tiketi. Karibu yote yana kifungu kinachomruhusu nahodha kubadili njia, kuruka bandari au kukawia, kwa sababu ya hali ya hewa au usalama. Kifungu hicho ni cha haki. Hakuna anayetaka nahodha aingie bandarini kwa kuogopa lawama za abiria. Katika majira ya baridi, bandari moja kurukwa ni jambo la kawaida, hasa pale ambapo meli hutia nanga nje na abiria hupelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Upepo ukizidi kidogo tu, boti hizo hazishushwi.

Mnachoweza kutarajia kurudishiwa ni ada za bandari ile, kama masharti yanasema hivyo, na malipo ya matembezi mliyonunua melini kwa ajili ya bandari hiyo. Matembezi mliyonunua kwa mtu mwingine nje ya meli yana masharti yake. Yaulizeni mapema.

Lakini tofautisheni mabadiliko ya nahodha akiwa baharini na mabadiliko ya muuzaji kabla ya safari. Wakala akikupigia simu mwezi mmoja kabla kukwambia kwamba meli imebadilishwa, au siku zimepunguzwa, au bandari kuu imeondolewa, hilo halina uhusiano na dhoruba. Ombeni maelezo kwa maandishi, na ombeni nafasi ya kukubali au kurudishiwa fedha kabla hamjatia saini jambo jipya.

5. Bei kamili

Bei inayotangazwa huwa ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake huongezewa. Juu ya bei hiyo kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo katika meli nyingi hukatwa kila siku katika hesabu ya chumba bila kuulizwa. Kuna vinywaji, kufuliwa nguo, matembezi ya bandarini na daktari. Daktari wa meli hutoza, na hutoza sana.

Simu ni mtego mwingine. Meli ikiwa mbali na nchi kavu, simu yako huweza kujiunga na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na gharama yake ni kubwa mno. Zimeni mawasiliano ya simu kabla meli haijang'oa nanga, na muulize bei ya intaneti ya melini kabla ya kuitumia.

Mwombeni wakala aandike jumla ya vitu vyote katika karatasi moja. Akikataa kuandika, hiyo nayo ni taarifa.

6. Viza, bima na afya

Viza imewakwamisha wengi. Madeira ni sehemu ya Ureno, na Visiwa vya Kanari ni sehemu ya Hispania. Vyote viko katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayeondoka Southampton anahitaji viza ya Schengen kwa visiwa hivyo, na anahitaji viza ya Uingereza inayomruhusu kuingia tena meli inaporudi. Msidanganyike na neno "mtabaki melini". Kampuni huweza kumkatalia msafiri kupanda kwa kukosa viza hata kama hakusudii kushuka, na fedha hairudi. Fikeni pia katika mji wa bandari siku moja kabla. Theluji na ukungu huchelewesha ndege na treni, na meli haingoji.

Bima ya kawaida ya safari huenda isihusu meli za kitalii. Ulizeni kama inalipia matibabu ya melini, kuondolewa melini kwa helikopta, kukosa meli kwa sababu ya kuchelewa kwa ndege, na maradhi mliyo nayo tayari. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari ayataje maradhi hayo wakati wa kununua bima. Aliyeficha hulipa mwenyewe. Dawa za safari nzima, na za siku kadhaa za ziada, zikae katika mkoba wa mkononi na zisiwekwe katika sanduku.

Kwa kichefuchefu cha bahari, muulizeni daktari wenu kabla ya safari ni dawa ipi inapatana na zile mnazotumia. Dawa nyingi za aina hiyo hufaa zikimezwa kabla ya kuanza kuumwa. Kaeni katikati ya meli, tazameni upeo wa bahari, kuleni kidogo kidogo chakula kikavu. Na kwa kuwa virusi vya kuhara na kutapika huenea haraka mahali penye watu wengi waliofungiwa ndani, hasa wakati wa baridi, oshena mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Dawa ya kupaka mkononi peke yake haitoshi kwa virusi hivyo.

7. Usalama

Sisi tulioipoteza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, hatuhitaji kukumbushwa kwamba chombo huweza kuzama. Ninachotaka kueleza ni lipi la kutazama, na mifano miwili itatusaidia.

Tarehe 3 Agosti 1991, katikati ya baridi ya kusini, meli ya kitalii Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, kuelekea Durban katika upepo mkali. Ilikuwa imejengwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ilikwisha kubadilishwa jina mara kadhaa. Usiku ule maji yaliingia katika chumba cha mitambo na umeme ukazimika. Ilielezwa baadaye kwamba katika ukuta wa chini kulikuwa na tundu lililoachwa wazi, na kwamba mabomba ya majitaka yalikosa vali ya kuzuia maji yasirudi, hivyo maji yakapanda hadi vyumbani kupitia vyoo na masinki. Abiria hawakutangaziwa hatari ipasavyo, na nahodha aliondoka melini kabla ya wote kuokolewa. Watumbuizaji wa meli, watu wa magitaa na mazingaombwe, ndio waliowapanga watu na kuita msaada kwa redio. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini na meli zilizokuwa jirani zikawachukua wote. Oceanos ilizama siku iliyofuata, na watu wote 571 walikuwa wameokoka.

Tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia, meli iliyokuwa imeanza kazi mwaka 2006, iligonga miamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Abiria waliopanda siku hiyo hiyo walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi la kujiokoa.

Chombo kikongwe kilizama bila kuua. Kipya kiliua. Sisemi kwamba umri hauna maana: matundu na vali za Oceanos ni mambo ya matengenezo, na meli kongwe huhitaji matengenezo zaidi. Nasema kwamba umri peke yake hautoshi kumtia mtu hofu, wala upya hautoshi kumtoa hofu.

Mlaji anaweza kuchunguza nini? Kwanza, kila meli ya abiria ya kimataifa ina namba ya IMO yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, mmiliki au bendera. Ombeni namba hiyo. Kwa kuitumia, mtu mwenye intaneti anaweza kujiandikisha bila malipo katika mfumo wa kumbukumbu uitwao Equasis, akaona mwaka meli ilipojengwa, ukaguzi iliofanyiwa bandarini, na kama imewahi kuzuiwa kuondoka. Msiojua kompyuta, mjukuu atawasaidia kwa dakika kumi. Pili, cheti cha usalama cha meli ya abiria hutolewa kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili, kwa hiyo meli kongwe inayofanya kazi haikwepi ukaguzi wa kila mwaka. Tatu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2010, kanuni za kimataifa za kinga ya moto ziliwalazimu wenye meli za zamani kuondoa vitu vinavyoshika moto kwa urahisi au kuacha kuzitumia. Meli nyingi kongwe ziliondoka kazini wakati huo.

Na mkishapanda? Tangu tarehe 1 Januari 2015, abiria wa safari inayozidi saa ishirini na nne hupaswa kufanyiwa zoezi la kujiokoa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Hudhurieni. Vaeni jaketi la kuokolea mjue linavyofungwa. Kisha, kabla ya kulala, tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyika, mkihesabu milango, kwa sababu katika giza mkono hukumbuka idadi kuliko jicho. Viatu na tochi ndogo vikae karibu na kitanda. Sitahani, mkono mmoja ushike ukingo daima. Mifupa mingi zaidi huvunjika katika ngazi zinazoyumba kuliko katika meli zinazozama.

8. Mkidhulumiwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mlaji katika biashara. Tangazo linaloficha jambo kubwa, ambalo mteja angelijua asingenunua au angelipa pungufu, linaweza kuangukia hapo. Lakini malalamiko hujengwa kwa karatasi. Tunzeni tangazo lenyewe, stakabadhi, ujumbe wa simu, na picha zenye tarehe. Mwelezeni mhusika wa melini mara tu kasoro inapoonekana, maana anayenyamaza majuma mawili na kulalamika akiwa nyumbani huulizwa kwa nini hakusema. Mkirudi, mwandikieni wakala kwanza, mkieleza jambo, tarehe na kiasi mnachodai. Asipojibu au asiporidhisha, njooni. Kwa aliyeumia mwilini, Mkataba wa Athens unaohusu abiria wa baharini huweka ukomo wa miaka miwili wa kufungua madai pale unapotumika. Msingoje.

Hitimisho

Ndugu walaji, kabla ya kutoa fedha, ulizeni haya: Meli inaitwaje, na namba yake ya IMO ni ipi? Ilikarabatiwa lini? Chumba changu ni namba ngapi, na nje ya dirisha kuna nini? Bandari ipi hufikiwa kwa boti ndogo? Jumla ya gharama ni kiasi gani? Viza zipi zinahitajika? Nikiahirisha, narudishiwa kiasi gani, na hadi lini? Maswali haya hayamchukizi muuzaji mwaminifu.

Mnaweza kuuliza mwisho wa yule mama ulikuwaje. Jalada lake lilikuwa na tangazo, stakabadhi na picha tatu za boti ya rangi ya machungwa, zilizopigwa asubuhi tatu tofauti. Wakala alipoonyeshwa orodha ya bei ya meli, yenye ile alama ndogo, alirudisha tofauti kati ya chumba chenye mandhari na chumba kilichozibwa. Kwa Funchal hakurudisha kitu, na hakupaswa. Mama alihesabu fedha yake, akaiweka mkobani, kisha akaniuliza kama najua meli nyingine inayokwenda huko mwezi Mei, maana mzee anataka kuiona Madeira.

Nilimwambia aniletee namba ya meli kwanza, tuitazame pamoja.